Jiko la peleti linapozima lenyewe: fuata njia ya hewa

Ikifika katikati ya Januari, malalamiko ni yale yale. Jiko la peleti, lile la kupasha nyumba joto kwa vipande vidogo vya unga wa mbao uliokandamizwa, liliwaka vizuri tangu Novemba, sasa linaanza vituko. Moto unakuwa mrefu, mwekundu, mvivu. Kioo cha mlango kinakuwa cheusi kabla ya siku kwisha. Usiku linazima, na asubuhi kwenye vitufe kuna herufi na namba ambazo hakuna mtu nyumbani anayejua maana yake. Baba analaumu peleti, safari hii ameuziwa mbovu. Jirani anaapa kuwa ni bodi ya umeme. Fundi anakuja, anatoa ndoo nzima ya majivu, anapiga brashi hapa na pale, analiwasha, anaandika risiti na kuondoka.

Kituko cha jiko la peleti, mara nyingi sana, ni cha hewa kabla hakijawa cha peleti au cha umeme. Kuna mahali majivu yameziba. Tatizo la orodha za usafi zinazokuja na jiko ni kwamba zimepangwa kwa kalenda: hiki kila siku, hiki kila wiki, hiki kila mwaka. Ukisoma hivyo hujui kwa nini unafanya, na usichojua sababu yake ndicho unachokiruka. Kwa hiyo hapa tuifuate hewa yenyewe, tangu inapoingia hadi inapotoka upande wa pili wa ukuta. Mfano wetu ni Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako majiko haya yamejaa na ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda hukutana nayo kwa mara ya kwanza siku wanapokabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga.

Aliyezoea jiko la mkaa anajua kwamba moto unajitafutia hewa. Ukiona unafifia, unatikisa majivu yadondoke, unapepea, basi. Jiko la peleti halina uwezo huo. Ni mashine, na bila umeme halipumui. Lilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya 1973 na 1979, katika jimbo la Washington lenye viwanda vingi vya mbao. Jina linalotajwa sana ni la Jerry Whitfield, aliyekuwa mhandisi wa ndege. Wazo lilikuwa kuchukua unga wa mbao uliokuwa ukitupwa, kuukandamiza hadi uwe vipande vigumu vya unene wa milimita 6 hivi, na kuvilisha moto kidogo kidogo kwa mashine. Hakuna gundi inayotiwa. Joto la kukandamiza hulainisha lignini, ambayo ni sehemu ya mti wenyewe, nayo ikipoa inashika.

Ndani ya jiko kazi inakwenda hivi. Peleti zinakaa kwenye tangi lililo nyuma au juu. Chini ya tangi kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota, inapandisha peleti na kuziangusha chache chache kwenye chungu kidogo cha chuma chenye matundu. Hapo ndipo moto ulipo, na usidanganywe na ukubwa wa kioo: moto wote unakaa kwenye chombo unachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Kiwashio cha umeme kinapasha hewa inayopita kwenye tundu lake mpaka peleti zishike moto. Feni ya kwanza, ya moshi, inavuta hewa kutoka nje, inaipitisha kwenye matundu ya chungu, inaizungusha kwenye vijia vya nyuma, kisha inaisukuma kwenye bomba. Feni ya pili, ya joto, haigusani na moshi kabisa. Inapitisha hewa ya sebuleni kwenye mabomba yaliyopata moto na kuirudisha chumbani. Kati yao kuna swichi ndogo ya presha iliyounganishwa na mpira mwembamba. Kazi yake ni moja: kuhakikisha feni ya moshi kweli inavuta. Ikiona mvuto umepungua, inasimamisha skrubu. Peleti haziji, moto unakufa. Ile herufi na namba ya asubuhi, mara nyingi, ni swichi hii inasema kwamba haioni hewa.

Wengi huwatuma mafundi kubadilisha swichi. Kabla ya kutoa pesa, chomoa ule mpira na uangalie kama umepasuka, na kama tundu unapochomekwa limezibwa na majivu. Waya mwembamba unatosha kulizibua. Usipulize kwa mdomo kuelekea kwenye swichi, utaiharibu.

Sasa tuanze njiani. Hewa inaingia kupitia bomba dogo lililo nyuma, na katika nyumba nyingi bomba hilo limepitishwa ukutani hadi nje. Wavu wa mwisho wake hukamata majani na utando wa buibui, na ndege wakikuta halina wavu watajenga. Angalia mara moja kabla ya msimu, kazi ya dakika mbili, tusiichelewe.

Chungu ndicho chenye habari ndefu. Kila tundu lake ni pua. Peleti nzuri huacha majivu laini mepesi ambayo feni inayapuliza yenyewe, lakini kila siku yanabaki mengine, na baada ya muda utaona kitu kingine: bonge gumu la kijivu au la kahawia, lenye vitundu, limejibandika chini kama sukari guru iliyoganda. Hayo ni madini yaliyoyeyuka. Mbao zenye magome mengi, au zilizoburuzwa kwenye udongo kiwandani, zina mchanga. Mchanga ukikutana na potasiamu iliyomo kwenye majivu, unayeyuka kwa joto la chini kuliko kawaida na kuganda tena unapopoa. Bonge likiziba matundu ya chini, hewa inapungua, moto unapoa na kurefuka, peleti zinazoendelea kudondoka haziungui zikaisha, zinarundikana, na rundo linaziba zaidi. Hapo ndipo unapopata ule moto mvivu.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini rahisi. Kila siku moja au mbili, jiko likiwa limepoa, toa chungu kama kinatoka, kipige kidogo juu ya ndoo ya chuma, kikwangue kwa bisibisi bapa, halafu kiinue kwenye mwanga. Unatakiwa kuona mwanga katika kila tundu. Tundu lisiloonyesha mwanga, lizibue kwa msumari au biti ya kutobolea uliyoishika kwa mkono. Kabla ya kukirudisha, safisha mahali kinapokaa, kwa sababu chungu kilichokaa juu ya majivu hakikai sawa, na hewa inapita pembeni yake badala ya kupita ndani. Tazama pia tundu la kiwashio. Watu wananunua kiwashio kipya wakati cha zamani ni kizima, kimefukiwa tu.

Hapa kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Jiko likishindwa kuwaka, chungu kinabaki kimejaa peleti. Mtu aliyepigwa baridi anabonyeza tena kitufe, skrubu inaongeza nyingine, rundo linaanza kufuka bila mwali, na chumba cha moto kinajaa moshi mzito wenye gesi zinazowaka. Mwali ukitokea ghafla, gesi hizo zinalipuka zote kwa pamoja, na kuna milango iliyofunguka na vioo vilivyopasuka kwa njia hiyo. Kwa hiyo likigoma, subiri lipoe, mwaga chungu chote, ndipo ujaribu tena. Peleti ulizozimwaga usizirudishe kwenye tangi hata kama zinaonekana nzima. Kaa moja lililojificha linatosha. Na petroli, mafuta ya taa au spiriti visikaribie jiko hili kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu peleti zenyewe, lawama nyingine ni za haki. Ulaya alama ya ubora ya ENplus, daraja la A1, inaruhusu majivu yasiyozidi asilimia 0.7 ya uzito. Marekani daraja la juu la taasisi ya peleti, PFI, linaruhusu hadi asilimia 1, na la kawaida hadi 2. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Chukua nyumba inayotumia tani 3 za Kimarekani (kila moja kilo 900 hivi) kwa msimu, yaani mifuko 150 ya kilo 18: kwa asilimia 0.5 utabeba kilo 13 au 14 za majivu, kwa asilimia 2 utabeba zaidi ya 50. Yote hayo yanapita kwenye vijia vile vile vyembamba. Bei nafuu ya mfuko unailipia kwa magoti. Ukitaka kupima, dondosha peleti chache kwenye glasi ya maji. Iliyokandamizwa vizuri inazama, kisha inavimba na kusambaratika ikawa unga. Inayoelea ni nyepesi mno. Jaribio hilo hilo linakuonyesha kwa nini mifuko haiwekwi moja kwa moja kwenye sakafu ya zege inayotoa unyevu: iweke juu ya chaga ya mbao. Peleti zilizolowa zikivimba ndani ya skrubu, zinaganda kama saruji, na kuzitoa ni kazi ya kufungua jiko. Chini ya tangi pia kunakusanyika unga uliotoka mfukoni. Liache tangi liishe mara moja moja na unyonye unga huo, la sivyo skrubu itakuwa inasukuma vumbi huku wewe ukidhani inasukuma peleti.

Tupande kidogo, kwenye mlango. Feni ya moshi huvuta kupitia njia iliyo rahisi zaidi. Gasketi ya mlango, ile kamba nene ya nyuzi za kioo, ikichakaa, hewa inaingia pembeni mwa mlango na kupita juu ya moto bila kugusa chungu. Jiko linavuta, swichi inaridhika, lakini moto una njaa. Kuipima gasketi: kata kipande cha karatasi, fungia mlango juu yake jiko likiwa baridi, kivute. Kikitoka bila kubishana, gasketi imekwisha au bawaba zimelegea. Zunguka mlango wote, kwa sababu mara nyingi inavuja kona moja tu. Kioo kinachochafuka kwa kijivu chepesi ni kawaida. Kioo cheusi ndani ya saa chache ni taarifa kwamba hewa haitoshi. Ukisugua kioo bila kutafuta sababu, kesho utasugua tena. Kwa kusugua hakuna haja ya dawa ya dukani: chovya gazeti lililoloa kwenye majivu laini, pangusa, futa. Kioo kiwe baridi kabisa.

Baada ya moto, hewa inapanda nyuma ya kuta za chumba cha moto, na hapa ndipo wenye bidii wanapokosea kwa kudhani wamemaliza. Wamefuta kioo, wamemwaga sanduku la majivu, jiko linang'aa. Lakini majivu yanayoruka hayaingii kwenye sanduku. Yanajibandika kwenye mabomba ya joto na kujaza vyumba viwili vidogo vilivyofichwa nyuma ya vibao, kulia na kushoto. Majiko mengi yana fimbo ya kuvuta na kusukuma inayokwangua mabomba hayo. Ivute mara kadhaa kila unapomwaga majivu. Tabaka jembamba la majivu linazuia joto vizuri sana, kwa hiyo jiko linakula peleti zile zile, sebule haipati moto, na joto lote linakwenda nje kwa bomba. Mara moja kwa mwezi, fungua vile vibao (tafuta skrubu mbili au kulabu, kitabu cha jiko kinaonyesha), gonga ukuta wa nyuma kwa nyundo ya mpira, usikilize. Utasikia majivu yakimwagika ndani kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Endelea kugonga na kunyonya mpaka kimya. Ila kama ukuta huo ni wa vibao vyeupe au vya manjano vinavyobonyea, usigonge. Ni vermikulaiti, madini mepesi yanayostahimili joto, na vinavunjika. Vitoe taratibu kwa mkono.

Kinachofuata ni feni ya moshi. Kabla ya kuigusa chomoa waya ukutani, usitegemee kitufe cha kuzima. Inashikiliwa na nati chache, na kati yake na kasha lake kuna gasketi ambayo mara nyingi inachanika ukifungua, kwa hiyo nunua mpya kabla ya kuanza kazi, si baada. Mapanga yake yatakuwa yamevaa koti la majivu. Yafute kwa brashi ya rangi iliyokauka, bila kuyapinda: panga likipinda, feni inatetemeka na kuua bearingi zake. Mtu asiye na mkono wa ufundi anaweza kumwachia fundi sehemu hii mara moja kwa mwaka bila aibu.

Mwisho wa njia ni bomba. Peleti zikiungua sawasawa zinaacha kreosoti kidogo sana, ile lami ya moshi inayosababisha moto wa dohani kwa wanaotumia kuni. Kinachojaa kwenye bomba la peleti ni majivu, na yanapenda sehemu za mlalo na kona. Nyuma ya jiko, bomba linapopinda kwenda juu, kuna kiungo chenye umbo la T na kifuniko chini. Weka gazeti na ndoo, fungua kifuniko, pitisha brashi ya duara inayolingana na bomba. Maine utaona watu wakifunga mashine ya kupulizia majani kwenye mdomo wa bomba huko nje, upande wa kunyonya, na kulivuta jiko zima kwa dakika chache. Inafanya kazi, na ni burudani kwa watoto wa mtaa, lakini jiko liwe limezimwa na kupoa tangu jana yake. Mashine ya plastiki ikinyonya kaa, utakuwa na moto wa pili. Nyumba nyingi zina bomba linalotoka ukutani si mbali na ardhi. Dhoruba ya theluji ikipita, jambo la kwanza ni kwenda na sepetu kulifukua.

Neno kuhusu mashine ya kunyonyea majivu. Ile ya kufagilia zulia haifai, kwa sababu mbili. Majivu ya peleti ni laini kiasi kwamba yanapita kwenye mfuko wake na kurudi sebuleni kama ukungu, na kaa likiingia linapata mfuko wa karatasi na hewa inayopuliza. Inatakiwa ya majivu hasa, yenye pipa la chuma na kichujio cha vumbi laini. Hata hiyo inataka majivu yaliyopoa. Zimamoto wa Marekani wanaonya kwamba makaa yanaweza kubaki hai ndani ya majivu hadi siku 4, na ushauri ni kuyaweka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, nje, angalau mita 3 kutoka kwenye nyumba. Si kwenye baraza la mbao, si kwenye gereji, si kwenye pipa la plastiki la taka. Yakishapoa kabisa, nyunyiza kidogo kwenye bustani ya mboga ikiwa udongo una asidi. Usiweke kwenye mibluberi, vile vichaka vya matunda madogo ya buluu ambavyo Maine vimejaa, kwa kuwa vyenyewe vinapenda asidi.

Waliokulia kwenye mkaa wanajua habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Gesi ile, kaboni monoksaidi, ndiyo hii hii. Jiko la peleti lisilo na hitilafu huitoa nje yote, lakini bomba likiziba au umeme ukikatika ghafla, feni inasimama huku makaa yakiendelea kufuka. Umeme ukikatika usifungue mlango wa jiko. Acha makaa yafe ndani, fungua dirisha ukisikia harufu ya moshi. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo karibu na vyumba vya kulala, kibonyeze kukipima, na kikilia toeni watu nje kwanza, mjadala baadaye. Wenye stoo kubwa ya peleti iliyofungwa pande zote wajue kwamba peleti zenyewe, bila moto wowote, hutoa gesi hii. Ulaya watu wamekufa kwa kuingia kwenye stoo za namna hiyo.

Usafi mkubwa ufanyike lini? Wengi hufanya Oktoba. Mimi naona ni Aprili au Mei, wiki ile ile unapoliwasha kwa mara ya mwisho. Majivu yananyonya unyevu, na majira ya joto ya Maine yana unyevu mwingi. Majivu yaliyolowa yakikaa miezi mitano juu ya chuma yanakila. Basi maliza peleti zote tangini, nyonya unga, safisha njia yote tangu chungu hadi T, chomoa umeme. Ukiziba bomba la nje kuzuia ndege, bandika karatasi kubwa kwenye vitufe inayosema bomba limezibwa, maana Oktoba atakayeliwasha huenda si wewe. Faida nyingine ni kwamba mafundi wana nafasi mwezi wa tano. Baridi ya kwanza ikipiga utasubiri foleni.

Mpangaji amuulize mwenye nyumba mapema, kwa ujumbe wa maandishi, nani anamlipa fundi wa kila mwaka na lini alikuja mara ya mwisho. Usafi wa chungu na kioo ni wako kwa vyovyote, lakini feni na bomba visiachwe hewani kila mmoja akidhani ni kazi ya mwenzake. Ukimpigia fundi, muulize maswali mawili kabla ya bei: je, ataitoa feni ya moshi, na je, atafungua T na kupitisha brashi hadi mwisho wa bomba? Akijibu kwamba atanyonya majivu ya mbele na kufuta kioo, mshukuru na utafute mwingine, kwa sababu hiyo umeshaifanya mwenyewe.